Zege Limekwenda Kunywa Chai

Jumatatu, 9 Septemba

Dhuluma! Leo asubuhi, mbele ya mafundi na vibarua, nimeambiwa nitashindana na shemeji yangu. Mimi mwenye kompyuta, yeye mwenye filimbi. Yaani tumewekwa kwenye mizani moja!

Chanzo ni mkuu wetu wa mipango, ambaye amestaafu na kwenda kufuga kuku. Ofisi yake imebaki wazi. Ina mlango unaofungwa, ina kiyoyozi, ina kiti kinachozunguka. Mimi niliyekuwa msaidizi wake nakalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kwenye kona ya kontena, chini ya makoti ya mvua ya watu wengine. Yakilowa yananidondokea. Mtu yeyote mwenye akili timamu angejua ofisi ile ni ya nani. Mama Mkurugenzi amesema bado anafikiri.

Alichofikiri ni hiki. Jumamosi tunamwaga zege la sakafu ya ghorofa ya tatu, sakafu kubwa kuliko zote katika jengo. Zege hilo lazima limwagwe mfululizo. Likikatizwa, la mwanzo linaganda, la pili halishikamani nalo, na sakafu inapata ufa kabla ya kupata mpangaji. Basi Mkurugenzi anataka kuona mambo yatakavyokwenda kabla hayajaenda. Kila mmoja wetu amwonyeshe kwa njia yake. Atakayeonekana kwamba kazi nzima inamtegemea yeye, huyo ndiye atakayepewa ofisi. Hayo ni maneno yake mwenyewe, mimi sijaongeza kitu.

Shemeji yangu huyo ni kaka wa mke wangu, na ndiye msimamizi wa saiti. Saiti nzima inamwita Filimbi, maana filimbi haimtoki shingoni. Kwenye harusi yangu aliivaa juu ya tai! Mipango yake huichora kwa chaki kwenye ukuta wa stoo, mvua inanyesha, mipango inafutika, anapuliza, watu wanakimbia. Huo ndio usimamizi wake.

Mchana nikaenda langoni kunywa chai. Anayeuza chai pale ni mama mkwe wangu. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Akanimiminia nusu kikombe, akasema mwanawe anajenga majumba na kila mwenye macho anayaona. Je, mimi mkwe wake, huko ndani ya kompyuta, nimewahi kujenga nini? Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Nimeumia. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Ofisi ile nitaipata, na siku hiyo mama mkwe atakuja kupiga hodi mlangoni kwangu na kikombe kilichojaa.

Jumanne, 10 Septemba

Kazi imeanza. Nieleze kidogo, maana siku moja watu watataka kujua.

Watu wa kawaida wakiandika programu huandika maagizo kutoka juu hadi chini, fanya hiki, ukimaliza fanya kile, utadhani wanamtuma mtoto dukani. Mimi siko hivyo. Mimi naumba vitu. Ndani ya kompyuta yangu kuna saiti nzima, na kila kilichomo ni kitu chenye sifa zake na tabia zake. Lori linajua limebeba zege kiasi gani. Pampu inajua kasi yake. Vinapelekeana ujumbe. Pampu inaliambia lori sogea, lori linasogea. Halinuni, haliombi ruhusa ya kwenda msibani, haliulizi msimamizi anasemaje.

Tena vina koo. Lori la Zege ni mtoto wa Lori. Lori ni mtoto wa Mtambo. Fundi na Kibarua ni watoto wa Mfanyakazi. Na wote hao, watu kwa mitambo, babu yao mkuu ni mmoja, nimemwita Kitu. Uzuri wake ni kwamba mtoto anarithi tabia za mzazi bila kufundishwa. Ukimwandikia babu tabia, ukoo mzima unayo. Nilipomweleza mke wangu alisema ni kweli, mtoto wa nyoka ni nyoka. Anaelewa haraka. Kaka yake ndiye aliyeachwa nyuma siku akili zinagawiwa.

Ili vitu vyangu viwe na tabia za kweli, nikaenda kuwachunguza vibarua wanaosukuma matoroli ya kokoto. Nilisimama karibu, saa mkononi. Waliponiona wakaanza kutembea kama wanasindikiza jeneza. Nikajificha nyuma ya rundo la mbao. Wakaanza kukimbia, kwa sababu mmoja wao alivumisha kwamba nimetumwa kutafuta wavivu. Hakuna kasi ya kweli katika saiti hii! Nikaamua kubuni wastani.

Nilikuwa bado nimeinama pale, Filimbi akaja kwa nyuma na kupuliza. Sikio la kushoto mpaka sasa linavuma. Niliruka, na niliposhuka mguu wangu ulizama kwenye kijia cha zege kilichomwagwa asubuhi hiyo. Fundi alitaka kupaziba. Filimbi akakataa katakata, akasema pabaki hivyo hivyo, hatimaye shemeji yake amejenga kitu. Mama mkwe akatoka langoni na birika mkononi kuja kupatazama. Amesema ni unyayo mzuri.

Jumatano, 11 Septemba

Siku ya aibu. Nimeiendesha saiti yangu kwa mara ya kwanza, sebuleni, mke wangu akiwa pembeni anakunja nguo.

Ilianza vizuri. Kila kitu ni duara dogo lenye rangi yake. Malori bluu, pampu nyekundu, mafundi njano, zege kijivu. Yakawa yanahangaika huku na huku kwa adabu. Ikafika saa ya chai ndani ya kompyuta. Mafundi wakaondoka kwenda langoni. Sawa. Vibarua wakafuata. Sawa. Kisha winchi ikatua mzigo wake, ikaenda langoni. Pampu nayo ikaenda. Malori yakazima injini, yakaenda. Ngazi ikaenda! Mke wangu akauliza lile duara la kijivu linalojikokota nyuma ya wenzake ni nani. Nikalazimika kumwambia ni zege.

Kosa lenyewe ni dogo sana. Nilipoandika tabia ya kunywa chai nilijiuliza ni nani katika saiti ile asiyekunywa chai. Nikaona hayupo. Nikaiandika mara moja tu, kwa babu, kuepuka kujirudia. Ukoo mzima ukarithi. Zege likapanga foleni, likanywa, likarudi juu likiwa limeganda. Jengo halikuisha. Niliiacha kompyuta iendelee mpaka miaka ikapita ndani yake, na bado lilikuwa halijaisha.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni, juu ya nguo alizokwisha kuzikunja. Nikamwambia hili ni jambo la kitaalamu, tena ni siri ya nyumba. Akaapa. Kisha akaingia jikoni na simu yake, na nikasikia kwa masikio yangu anamwambia mama yake, "Hata zege, mama! Hata zege!" Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimefika langoni asubuhi. Kwenye meza ya mama mkwe kuna kikombe kimewekwa peke yake, kimefunikwa na kisahani. Nikauliza ni cha nani. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba ni cha zege, likija lisikose. Benchi zima likavunjika mbavu. Filimbi alikuwepo. Alicheka na filimbi ikiwa mdomoni, kwa hiyo kicheko chake kilisikika mpaka ghorofani.

Basi! Nikaingia kwenye kontena na hasira zangu. Chai nikaishusha kutoka kwa babu, nikawapa ukoo wa Mfanyakazi peke yao. Hilo lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Kisha nikamuumba Filimbi.

Ndani ya saiti yangu lori haliingii mpaka Filimbi apulize. Na Filimbi hapulizi upesi. Kwanza anakuna kichwa. Kisha anatazama juu. Kisha anasahau alichotaka kufanya. Nilimpa kasi ndogo kuliko ya kitu chochote katika saiti, ndogo kuliko ya ngazi. Je, nilimpima? Nimpime wa nini, mtu ninayemjua? Nilipoendesha, malori yote yakajazana nyuma yake yakimngoja, pampu ikakaa bure, zege likagandia njiani. Utamu ulioje!

Kisha nikatengeneza picha ya pili, saiti ileile bila Filimbi. Malori yanakuja yakifuatana, pua ya hili kwenye mkia wa lile, bila kumngoja mtu. Lori linaingia, linamwaga, linatoweka. Jingine linaingia, linamwaga, linatoweka. Pampu haipumziki. Sakafu ikajaa kabla jua halijachoma. Nusura nilie kwa uzuri wake.

Mchana nikamwonyesha Mama Mkurugenzi. Filimbi naye aliitwa, akaja na chaki yake nyuma ya sikio. Mkurugenzi aliitazama picha ya pili akapiga makofi, akasema hajawahi kuona saiti safi namna ile, hakuna hata lori moja linalozurura. Nikavimba. Kisha akataka kuiona tena picha ya kwanza. Akaitazama kwa muda mrefu. Akaligusa kwa kidole duara la Filimbi lenye mkia wake wa malori. Akaniuliza kama ni kweli kwamba huyu mtu akichelewa kidogo tu, saiti nzima inasimama. Nikajibu kwa sauti ya juu, "Nzima, bosi! Hakuna kinachotikisika!" Nilidhani namchimbia kaburi.

Mkurugenzi akamgeukia Filimbi kwa macho mapya. Akasema hakujua kwamba mambo yote haya yanapita mikononi mwa mtu mmoja. Mtu wa namna hii haguswi, akasema. Mtu wa namna hii anasaidiwa. Kwa hiyo ameamua malori yaje yakifuatana kama kwenye picha yangu ya pili, Filimbi asimame langoni kama kwenye picha yangu ya kwanza, na mimi nisimame kando yake nimshikie maji ya kunywa. Maji ya kunywa!

Filimbi alitaka kusema malori kuja kwa mpigo ni vurugu, yeye amezoea kuyaita kwa simu, moja likitoka jingine linakuja. Mkurugenzi akamkata kauli, akasema kompyuta imeshaonyesha. Hapo roho yangu ikapoa kidogo. Mpango ni wangu. Ofisi haijatolewa bado, na Jumamosi kila mtu ataona kazi inamtegemea nani.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimepiga simu kiwanda cha zege kuagiza malori yote yaondoke pamoja. Karani wa huko aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia atunze mdomo wake kwa ajili ya kula.

Kisha nikapitia ofisi ile, kuangalia tu. Kiti kilikuwa kimeshushwa chini. Mkuu wetu aliyestaafu alikuwa mrefu, hakuwahi kukishusha. Mfupi katika saiti hii ni mmoja tu! Nikakipandisha. Nikaenda chooni, nikarudi, kimeshuka tena. Nikakipandisha mpaka mwisho na kuficha kishikio chake ndani ya kabati. Kurudi tena nakuta kishikio kiko mahali pake, kiti kiko chini, na juu yake kuna chaki. Watu wengine hawana haya kabisa. Kukaa kwenye kiti cha watu kabla ya kupewa!

Jumamosi, 14 Septemba

Nina matope mpaka kwenye nyusi, na bado ninayo nguvu ya kukasirika.

Mwanzo ulikuwa kama kwenye kioo cha kompyuta. Lori la kwanza likafika. Filimbi akapuliza papo hapo, kwa kunikomoa. Likarudi nyuma mpaka kwenye pampu, likamwaga zege lote, likamaliza. Nikalingoja litoweke.

Halikutoweka. Dereva aliwasha injini akaelekea langoni, na langoni palikuwa na lori la pili. Nyuma ya la pili palikuwa na la tatu, na nyuma yake mengine, pua kwenye mkia kama nilivyoagiza, mpaka barabarani, mpaka kwenye kona ya duka la dawa. Saiti yetu ina lango moja, na njia ya kwenda kwenye pampu ni nyembamba, huku shimo, huku rundo la nondo. Ndani ya kompyuta yangu, lori likishamwaga nalifuta, kwa sababu kazi yake imekwisha. Nani huweka kitu kisicho na kazi? Njia ya kutokea sikuwahi kuliandikia. Na hakuna aliyeniuliza! Mkurugenzi alipiga makofi!

Nikamwendea yule dereva na kompyuta mkononi. Nikamwonyesha kwamba kwa mujibu wa mpango, muda huu yeye hayupo. Alikitazama kioo, akajipangusa uso kwa taulo la shingoni, akaniuliza, "Sasa kaka, kama mimi sipo, hii breki amekanyaga nani?" Ujeuri mtupu.

Honi zikaanza. Lori la pili haliwezi kurudi nyuma mpaka la tatu lirudi, la tatu linangoja la nne, na la mwisho lina magari ya watu nyuma yake. Mojawapo la Mkurugenzi. Alifika kwa miguu, viatu mkononi. Pampu ikaanza kukohoa. Juu ghorofani mafundi wameegemea mareki yao wakipiga kelele, "Zege! Zege!" na madereva huku chini wanapiga kelele kwamba zege wanalo, linaganda, walimwage wapi? Mkurugenzi alinitazama. Sikumbuki kama niliwahi kutazamwa vile, hata na mama mkwe.

Filimbi hakufikiri. Namjua, hana kawaida hiyo. Alivuta pumzi, akapuliza mpaka mishipa ikamtoka, akanyoosha mkono kwenye uzio wa mabati upande wa kushoto. Vibarua wakauvamia. Wakaung'oa kama wanamenya ndizi. Ng'ambo ya uzio ni uwanja wa dobi, na leo ilikuwa siku yake ya kuanika mashuka ya nyumba ya wageni. Lori la kwanza likapita katikati ya mashuka, likatokea barabara ya nyuma, likaenda zake. La pili likaingia, likamwaga, likapita kwa dobi. La tatu vivyo hivyo. Moja liliondoka na shuka la maua limejizungushia pipa la zege, pipa linazunguka, maua yanazunguka, na dobi analikimbilia akirusha vibanio vya nguo. Matusi yake siwezi kuyaandika, mengine yalikuwa mapya kwangu.

Na mimi? Nilipewa mti mrefu wa kuinulia kamba za dobi ili malori yapite chini. Nimeinua siku nzima. Mikono haipandi tena, kalamu hii nimeishika kwa shida. Mama mkwe alipita na birika akasema leo kwa kweli nimefanya kazi.

Sakafu imekwisha bila kukatika. Filimbi amebebwa juu juu. Wala hakuna hata mmoja aliyekumbuka kusema kwamba malori hayakukosekana! Malori yalikuwepo! Mengi!

Jumapili, 15 Septemba

Tumekwenda kula chakula cha mchana kwa Filimbi, ambako ndiko mama mkwe anakoishi. Hadithi ya jana imesimuliwa kabla ya chakula, wakati wa chakula na baada ya chakula. Kila inaposimuliwa Filimbi anang'oa mabati mengi zaidi na mimi napungua. Mwishowe sikuwemo kabisa. Watoto wake wakatunga mchezo. Mmoja lori, anaunguruma. Mwingine ni mimi, ameshika sahani bapa mbele ya uso wa mwenzake na kumwambia, "Hupo! Nakwambia hupo!" Mama mkwe alicheka mpaka akatoka machozi, akawaomba warudie.

Njiani kurudi mke wangu alinishika mkono. Akasema anajua nilivyohangaika wiki nzima. Akasema mama yake ndivyo alivyo, hata marehemu baba yao alikuwa akimiminiwa nusu kikombe, nisiweke moyoni. Nilitulia. Kwa kweli nilimpenda sana hapo barabarani. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, kama wakati wote ule sikujiuliza yale malori yanakwenda wapi. Nikamwambia hilo ni swali la polisi wa barabarani.

Jumatatu, 16 Septemba

Imetolewa! Ofisi imetolewa, na siyo kwangu!

Mkurugenzi alituita asubuhi. Alianza na mimi, nikajua ni heri. Akanishukuru mbele ya wote kwa kazi ya kitaalamu. Akasema asingejua la kufanya bila picha yangu. Nikaweka uso wa unyenyekevu. Akaendelea kwamba picha hiyo ilimfungua macho kwamba kila lori, kila pampu, kila fundi anamsubiri mtu mmoja, na Jumamosi sote tumeshuhudia kuwa ni kweli. Kwa hiyo, kwa ushahidi nilioutoa mimi mwenyewe, mkuu mpya wa mipango ni Filimbi.

Niseme nini? Nikisema kasi ile ya Filimbi niliitunga kwa chuki, mimi ni mwongo na kazi sina. Nikinyamaza, yeye ni bosi wangu. Nilijipalia makaa mwenyewe, ila makaa yenyewe ni ya Mkurugenzi, kwa sababu hajui kusoma picha. Anayengojewa na wote ni mzembe! Katika nchi gani mzembe anapewa kiti?

Nikapiga makofi na wenzangu.

Mimi nabaki msaidizi. Ndoo yangu imehamishiwa ndani ya ofisi, karibu na mlango, ili shemeji asichoke kuniita. Nakiri kiyoyozi kinafika. Kazi yangu ya kwanza chini ya uongozi mpya imekuwa kwenda kwa dobi kumwomba radhi. Dobi hakutaka maneno. Alinipa beseni na kunionyesha kamba. Nimeanika mashuka mpaka saa ya kutoka, na kila nililoanika alilichunguza kwenye mwanga akanirudishia mawili matatu nisuuze upya. Alasiri mama mkwe alipita kuelekea ofisini na kikombe kilichojaa pomoni, anatembea polepole kisimwagike. Alinisalimia vizuri tu. Nikamwitikia nikiwa nyuma ya shuka, asinione uso.

Jumanne, 17 Septemba

Nimetafakari kwa kina na nimelipata kosa lilipo. Kosa ni la saiti. Kompyuta yangu haikukosea popote. Saiti ingekuwa kama ilivyo ndani ya kompyuta, mambo yangekwenda sawa kabisa. Nimempelekea Filimbi hoja hiyo. Alinisikiliza akizunguka na kiti, kisha akaniambia nikamtafutie chaki.

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nina kazi kubwa zaidi sasa, tena ya nyumbani. Paa la nyumba ya Filimbi linaezuliwa liwekwe jipya, na ukoo wote hauna pa kulala: Filimbi, mke wake, watoto wote, na mama mkwe. Wanaomba kuja kwetu mpaka paa likamilike. Mke wangu ana wasiwasi. Nyumba yetu ina bafu moja na choo humohumo, na asubuhi kila mtu ana haraka. Akaniuliza kama kweli tutaweza, au awaombee hifadhi kwa jirani.

Nimekasirika sana. Mtu ana mtaalamu ndani ya nyumba, anakwenda kuuliza jirani! Nikaketi hapo hapo, nikaiumba nyumba nzima, kila mtu na ukoo wake, kila mtu na kasi yake. Mama mkwe nimempa kasi anayostahili. Nimeiendesha tena na tena, na kila mara jibu ni lilelile. Mtu anaingia bafuni, anaoga, anatoweka. Mwingine anaingia, anaoga, anatoweka. Hakuna foleni. Hakuna kelele. Mpaka wote wanapomaliza, nyumba imebaki na mimi peke yangu, na nafasi tele.

Nimemwambia mke wangu awapigie simu waje wote, leo hii, na wakae wapendavyo.